Gazeti la Baba Pale Schuman

Juzi nilimtazama baba akifundisha uandishi wa habari chuoni, wanafunzi wakinukuu kila alichosema, nikainamisha kichwa kwa aibu. Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, hapa hapa Brussels.

Baba, aliyekuwa na gazeti lake Bukavu, Kongo, kabla hatujakimbia, alikuwa amesimama kwenye manyunyu nje ya metro Schuman, akiuza kurasa alizozichapisha mwenyewe. Zilinuka wino, na koti lake lililolowa lilinuka sufu. Watu walimkwepa. Mimi nilidhani anaombaomba.

Nilikuwa na Nadine, rafiki yangu wa shule.

“Ule papa anakuangalia,” aliniambia, akimwonyesha baba kwa kidole. “Unamujua?”

“Hapana, simujui.”

Nilijibu kwa sauti, na baba alisikia. Alitusogelea taratibu, akaninyooshea gazeti kwa adabu, kama alivyowanyooshea wageni wote.

“Bonjour, mademoiselle.”

Nilipita bila kulipokea.

Jioni, tukiwa mezani, maman alimuuliza kama alikutana na mtu wa kwetu huko mjini. Baba aliniongezea maharage kwenye sahani kabla ya kujibu.

“Hapana,” alisema. “Leo sikuona muntu.”