Mchumba wa mpwa wangu alijua kila jiwe la mji wa mizabibu, ila watu wake hakuwajua

Wakuu, heshima kwenu. Wadogo marahaba, hata kama hamjanisalimia.

Shule niliishia darasa la nne, mwandiko mtanivumilia. Ila haya sikuhadithiwa, yametokea sebuleni kwangu, Hallonbergen, hapa Stockholm.

Mpwa wangu Neema kaleta mchumba. Anaitwa Pascal, Mkongo, kakulia Ufaransa kwenye kamji ka mizabibu. Dada yangu, mama yake Neema, akaniambia, "Kaka, baba yake Neema hayupo. Niulizie huyu kijana ni wa nani. Ukikataa wewe, posa siipokei."

Kwetu Kigoma hiyo ni kazi ndogo. Unaenda kijijini kwao, unakaa dukani, unaagiza soda, hadi jioni ushajua babu yake alikuwa mlevi au mchawi.

Sasa Ufaransa nikakae duka gani? Nikamwita kwa chai.

Tangawizi nilizidisha makusudi. Marehemu bibi alisema mwongo hukohoa mapema. Hakukohoa, nikazidi kumshuku.

"Haya, nieleze kwenu."

Akatiririka kama redio. Mji uko mteremkoni, umeelekea jua la asubuhi, chini mto umepinda. Udongo wa chokaa, mawe meupe, ndiyo maana mvinyo wao unasifiwa. Mizabibu ya kwanza walipanda watawa. Ukuta wa zamani ulibomolewa, mawe wakajengea maghala ya mapipa. Halafu kakaja kadudu kakala mizizi karibu nchi nzima, wakapona kwa kupandikiza mizabibu yao kwenye mashina ya Amerika.

Wakuu, mimi ni wa Kigoma na sijui nani alipanda mchikichi wa kwanza. Mtu wa mahali haongei hivyo. Anayeongea hivyo ni guide, au tapeli aliyeshinda Google. Nikawaza, watu hajataja hata mmoja, huyu ana mke huko.

"Sawa. Muuza mikate wa huko anaitwa nani?"

Akainamia chai yake.

"Jirani yenu je? Uliyecheza naye mpira?"

Akawa anazungusha kikombe. Neema akanijia juu kwa Kiswidi, "Morbror, lägg av," yaani mjomba acha hayo. Nikamwambia ndiyo kwanza naanza.

"Mzee," Pascal akasema, "nilifika kule mutoto, bila baba bila mama. Walituweka watoto kama mimi nyumba moja kando ya muji. Hakuna mutu alikuwa ananisalimia. Natembea peke yangu. Kwenye ghala kuna kibao cha historia, kwenye shamba kibao, kwenye kanisa kibao. Nikasoma vyote, vikiisha naanza tena. Mwenye kunijua alikuwa mbwa wa muuza mikate."

Hadithi tamu. Na matapeli wote wana hadithi tamu.

"Sasa nani atakushuhudia? Mbwa?"

Hapo Neema akaweka kikombe chini. "Mjomba, umekaa jengo hili tangu sijazaliwa. Jirani wa mlango wa pili anaitwa nani?"

"Lindberg," nikajibu haraka.

"Hilo limeandikwa mlangoni kwake. Umelisoma. Yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Yule mama tunapanda naye lifti miaka yote. Nikatafuta jina lake kichwani, nikapata viatu vyake tu.

Pascal hakucheka. Angecheka ningemkataa palepale. Alichukua birika akaniongezea chai.

Kesho yake nikampigia dada. "Pokea posa."

"Umempata mtu anayemjua?"

"Yupo mmoja. Mimi."

Sisemi wasiwasi umeisha, jicho moja bado liko kwake. Ila nimejifunza kwamba desturi yetu ya kuulizia mtu kwa majirani inataka kwanza majirani wanaosalimiana. Pasipo salamu, unaweza kumnyima mtu mke kwa kosa la mtaa wake.

Na wewe mkuu uliyeko mtaa wa Rissne au Hagsätra, akija mtu kuulizia habari zako, nani hapo kwenye ngazi atasema huyu namjua? Semeni, nasoma kila comment, ila polepole.