Kura ya Maoni Iko Ng'ambo ya Mto

Mkenya akipatwa na shida ughaibuni, kabla ya kutafuta daktari au wakili huunda kamati. Basi mwaka 2019, dada yangu mkubwa alipoanza kumeza nusu kidonge cha presha badala ya kizima ili dawa zifike mwisho wa mwezi, sisi Wakenya wa Arlington, Texas, tuliunda kamati.

Dada alikuwa akitunza wazee huko Mansfield. Saa alizopewa zilikuwa chache, bima ya afya ya kazini hakuna, na Texas haikumhesabu kuwa maskini wa aina inayotakiwa. Mtu mzima asiye na mtoto mdogo wala ulemavu hapati bima ya serikali hapa, hata awe amefilisika kabisa. Aliyetutia wazimu ni kaka yetu wa Tulsa. Alipiga simu akijigamba kwamba kule Oklahoma, ng'ambo ya mto unaotutenganisha, wananchi wanakusanya saini, na zikitosha, suala la kupanua bima hiyo iwafikie watu kama dada linakwenda kwa wapiga kura, wabunge wapende wasipende.

"Kwani nyinyi huko Texas mmelala?" aliuliza.

Hatukuuliza swali hata moja. Kwetu Kenya ukipata saini milioni moja unaweza kudai katiba yenyewe ibadilishwe, seuze bima. Jumapili hiyo, baada ya ibada, tulichagua mwenyekiti, makamu wake, mlezi, na mweka hazina wa hazina isiyokuwepo. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga, ambao ni wazi hawakuwahi kuketi kwenye kamati yetu. Tulibishana kuhusu rangi ya fulana mpaka pilau ikapoa. Mimi, katibu, nilikusanya saini kanisani, kwa msusi, na kwenye matanga ya mtu niliyemjua kwa sura tu. Mzee mmoja Mkongomani alitia saini mara mbili kwa moyo safi.

Hatimaye nilipiga simu ofisi ya uchaguzi kuuliza mzigo wetu tuupeleke wapi. Mama aliyepokea alikuwa mpole kama muuguzi mwenye habari mbaya. Texas, alisema, mwananchi hana njia ya kuanzisha kura ya maoni ya jimbo zima. Wabunge ndio wanaochagua swali la kutuuliza, nalo huwa la kubadilisha katiba. Miji kadhaa inakubali saini za wananchi, lakini kwa sheria za mji tu. Nilimuuliza kama mji unaweza kumpa dada yangu bima. Alicheka, halafu akaomba radhi.

Novemba hiyo wabunge walituletea maswali yao. Mojawapo lilikuwa hili: mbwa wa polisi akistaafu, apewe askari aliyekuwa akimtunza? Dada, ambaye ni raia na hakosi kura, alirudi kutoka kituoni akavua viatu kwa hasira.

"Nime-vote yes. Sina ubaya na mbwa. Lakini Texas nzima imeulizwa mbwa ataishi wapi, na hakuna mtu ameuliza mimi nitaishi aje."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka uliofuata Oklahoma walipiga kura yao, na hoja ikapita chupuchupu. Dada akaanza kufunga mizigo ahamie kwa kaka. Nilikasirika sana. Nilimwambia corona imejaa kila mahali, bima yenyewe haitaanza mpaka mwaka ujao, na huko Tulsa hana mtu ila kaka, ambaye hata chai humshinda. Ukweli ni kwamba niliogopa kubaki bila yeye.

"Na ukiugua kabla haijaanza?" nilimuuliza.

"Basi nitaugua kama kuna kitu nina-wait," alisema, akiinua godoro. "Hapa naugua niki-wait nini?"

Nilishika upande wa pili wa godoro, tukalitoa nje.