Kazi ya Maziwa Runyenjes
Niliacha shule darasa la sita, lakini kusoma sikuacha. Mwezi jana nilikuwa katika soko la Gakoromone nikipakia viazi, rafiki yangu Mutwiri akanipigia simu: mwalimu mmoja mstaafu kule Runyenjes anatafuta mtu anayejua maziwa. Kazi ya kudumu, na chumba cha kulala! Mimi ambaye sijawahi kumaliza mwaka mahali pamoja nilikwenda siku hiyo hiyo, nikikariri njia nzima yote niliyosoma kuhusu maziwa.

Mwalimu alinikaribisha sebuleni.

"Kijana, maziwa ya kweli utayatambuaje?"

"Lazima yazungukwe na nchi kavu pande zote, Mwalimu."

Alikunja uso. Nikadhani nimemvutia, nikaongeza kwamba yaliyo ya kwanza kwa ukubwa duniani yana chumvi.

"Chumvi? Nani ameitia?"

"Hakuna mtu. Iko humo tangu zamani sana."

"Na watu wanakunywa?"

"Hayo hapana. Lakini ya Victoria, ambayo ni ya tatu, wanakunywa vizuri tu. Wengine hata wanaogelea humo."

Mwalimu alivua miwani, akanitazama, kisha akamwita mkewe aliyekuwa jikoni.

"Mama Wanja! Mletee mgeni chai ya rangi. Maziwa ya ng'ombe usimwonyeshe, asije akaogelea."