Breki Laini za Pikapu Yetu

Mtu akipanda pikapu yetu mara ya kwanza alikuwa anauliza kama breki zipo.

Zilikuwepo. Ila zilikuwa za zamani, za dramu mbele na nyuma, na pedali yake ngumu kama unakanyaga jiwe. Mume wangu alikuwa anaanza kukanyaga mapema, anainuka kidogo kwenye kiti, mwili mzima unamshukia ule mguu wa kulia, na gari nalo linasimama taratibu kama mtu mzima anayekaa chini huku ameshika ukuta. Wapakiaji kule Kiwangwa walikuwa wanamtania kwamba akitaka kusimama Msata anaanza kukanyaga akiwa bado kitandani.

Tumelea watoto kwa ile pikapu. Tunachukua mananasi mashambani Kiwangwa, tunapita Msata, tunayapeleka Chalinze kwenye mabasi. Yeye anaendesha, mimi nauza. Miaka yote nimekaa pembeni yake, nikadhani hakuna kitu cha yule baba nisichokijua.

Mwaka huu nikaona akishuka garini anashika nyonga. Kwenye sijda anachelewa kuinuka. Nikimuuliza anasema uzee, na mwenyewe hata sitini hajafika. Kisukari anacho siku nyingi, dawa anameza, nikajua hilo tumelimaliza. Nikasema ni zile breki zinammaliza mtu wangu. Zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo ilipofika, kitanda nilichokuwa nakitaka nikakiacha, nikaenda kwa fundi mjini Bagamoyo.

Fundi alikuwa amepata pikapu ya toleo jipya, imegongwa nyuma, mbele nzima. Akasema atatoa breki zake za diski na busta yake, lile dude jeusi kama sufuria linalokaa mbele ya pedali na kumsaidia dereva kusukuma. Haikuwa kazi nyepesi. Busta inataka kuvutiwa upepo, na injini ya dizeli haivuti upepo kama ya petroli, na gari letu lilivyo la zamani halikuja na kitu cha kuvutia. Ikabidi atafute alteneta yenye pampu ya upepo mgongoni. Matundu nayo hayakukaa sawa, akakata bati, akachomelea, akakata tena. Kila nikienda nakuta amelala chini ya gari, miguu tu iko nje, ananiitikia huko huko.

Mume wangu hakutaka. Hakugomba, ila hakutaka. Alisema breki zake anazijua. Nikaona ni ubishi wa wanaume, mtu na kitu chake.

Kazi ilipoisha fundi akanikalisha mimi kwenye usukani, gari limewashwa limesimama, akaniambia nikanyage. Pedali ikashuka kama nabonyeza mkate wa kumimina.

"Umeona, mama? Hii mzee atasimamisha kwa kidole gumba."

Nilifurahi mpaka nikamwombea dua pale pale, na watoto wake ambao hajawazaa.

Safari ya kwanza tulipakia asubuhi. Mume wangu alikuwa kimya. Si kawaida yake, yeye barabarani ni mtu wa kusema na kila anayempita. Alikuwa anakwenda polepole, na mara moja moja anatupa macho chini. Nikasema moyoni anajifunza, atazoea. Nikaendelea na uradi wangu.

Karibu na Msata kuna kivuko cha watu, na kabla yake tuta. Mama mmoja alikuwa anavuka, mtoto mgongoni, ndoo ya maji kichwani. Alikuwa mbali, tulikuwa tunamwona vizuri. Nikasubiri mume wangu apunguze. Hakupunguza. Tukalipiga lile tuta mpaka nikaruka kwenye kiti, na gari bado linakwenda.

Nikamgeukia. Alikuwa haangalii barabara. Alikuwa anaangalia miguu yake, kama mtu aliyedondosha funguo chini ya kiti.

Nikamwita, "Baba!" Sina hakika kama sauti ilitoka. Gari likasimama ghafla, pale pale, kama limekutana na ukuta. Paji langu likagonga deshibodi. Mananasi yakaja kwa juu, yakapita kwenye paa la kabini, yakaanguka kwenye boneti, yakabiringika lami yote.

Moshi wa matairi ulipotulia nikamwona yule mama. Amesimama. Mkono mmoja ameuweka kwenye boneti yetu, wa pili ameurudisha nyuma amemshika mtoto. Ndoo iko chini. Hakutukana. Alimwangalia mume wangu kupitia kioo, akasema, "Baba, uliniona?"

"Nilikuona, mwanangu," akajibu.

Na kweli alimwona. Hilo ndilo lililonitoa jasho. Aliona kama nilivyoona mimi, na gari likaendelea kwenda.

Vijana wa bodaboda walikuja kuokota mananasi, mmoja akasema mzee kama unatoa sadaka si useme tupange foleni. Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimetoa funguo pale kwenye swichi bila kujua nimeitoa, nimeifunga kwenye pindo la mtandio. Wakatusukuma mpaka kando, karibu na msikiti. Adhuhuri ilikuwa imeingia. Mume wangu akasema tuswali kwanza, mengine baadaye. Hakuniangalia.

Bomba la wanawake na la wanaume yalikuwa yanatazamana, katikati kiambaza kifupi. Namwona anatawadha. Uso, mikono, kichwa. Akainua mguu wa kulia, akaumwagia maji, na maji yakashuka mekundu.

Yeye akaendelea kusugua katikati ya vidole.

Nikapita upande wa wanaume, sikuwaza. Nikamwambia ainue unyayo. Kulikuwa na skrubu, kile kichwa chake kimekaa kwenye nyama kama kimefungwa na fundi. Ilikuwa imetoboa kandambili ikaingia. Tangu lini, yeye hajui na mimi sijui. Aliutazama ule mguu kama anautazama wa mtu mwingine.

Zahanati haikuwa mbali. Tulipofika muuguzi akashika ile skrubu na koleo, akavuta, na wakati anavuta mume wangu alikuwa ananiuliza mananasi mangapi yamepasuka. Sentensi yake haikukatika. Skrubu imetoka, damu inafuata, na yeye anasubiri nimjibu habari ya mananasi. Yule muuguzi hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipoulizwa ganzi imeanza lini, akasema kama mwaka hivi.

Mwaka. Nalala naye, nampikia, namwekea maji ya kutawadha, nakaa pembeni yake mpaka Chalinze na kurudi, na mguu unaosimamisha gari hauna habari. Elimu yangu ni ya madarasa ya jioni, lakini mwalimu alitufundisha kwamba kisukari kinaua hisia za miguu. Niliandika, nikafaulu na swali lenyewe. Sikuwahi kumshika mume wangu mguu nikamuuliza unanisikia.

Alisubiri muuguzi atoke ndipo akaniambia. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliniumiza.

"Pedali ile ngumu ilikuwa inanijibu. Nikikanyaga, nyonga inaniambia nimekanyaga kiasi gani. Hii yako haisemi kitu. Sijui niko juu yake, sijui niko pembeni."

Kumbe ile nyonga haikuwa inaumizwa na breki. Ilikuwa ndiyo breki yenyewe. Na mimi nimekiacha kitanda changu ili niizime.

Akaniomba funguo. Akasema turudi kwa fundi, arudishiwe breki zake, na mambo yatakaa sawa. Mwaka mzima hakumgusa hata kuku, akasema, na ni kweli. Nilitaka kumpa. Mume wangu nimemzoea akiwa nyuma ya usukani, sijui anafananaje akiwa kwenye kiti cha kawaida. Lakini kila nikifumba macho nauona ule mkono juu ya boneti. Breki za zamani zisingesimama pale. Nimeligeuza hilo kila upande, linatoka vile vile: breki zangu ndizo zilizompoteza mume wangu, na ndizo zilizomwokoa yule mama.

"Na nyonga nayo ikilala?" nikamuuliza.

Akainama kuitazama bandeji.

"Utaniambia, au nitaona kwenye maji tena?"

"Sasa nani ataendesha?" akasema. "Wewe?"

"Mimi."

Alicheka. Si kicheko kizuri. Nikakiacha kipite.

Nilimpigia fundi simu aje aturudishe. Akafika na bodaboda, akampa mume wangu shikamoo, akaona bandeji, akauliza, nikamweleza. Kijana wa watu alikaa chini kwenye ngazi za zahanati akaniomba msamaha. Nikamwambia breki zako ni nzima, inuka. Mananasi yaliyobaki nikamwachia muuzaji mmoja pale njia panda, tukapanda watatu mbele. Fundi kwenye usukani, mimi katikati, mume wangu dirishani. Hajawahi kukaa pale. Alitafuta muda pa kuweka mikono.

Tulipoanza kutembea fundi akamwambia zile breki za zamani amezihifadhi, akitaka atazirudisha. Mume wangu akageuka. Aliniangalia mimi. Nikasoma bismillahi moyoni, maana nilijua ninachomkata.

"Ziuze," nikamwambia fundi. "Hata kwa chuma chakavu."

Mume wangu akageuza uso nje. Tukaenda hivyo, mwendo mrefu. Nilikuwa nangoja aniambie neno ambalo nitaishi nalo.

Tulipokaribia mteremko wa kuingia Kiwangwa akasema, bado anaangalia nje, "Hapa usingoje ulione tuta. Ukishaona ule mkorosho uliokatwa, ondoa mguu kwenye mafuta, kisha ndiyo breki."

"Napafahamu, mzee," fundi akasema.

"Sisemi na wewe."