Mlisha Mbwa wa Uyole na Mifuko ya Jemedari

Yadi ya malori pale Uyole ilikuwa na mbwa wanne, na Tekla, aliyewalisha, alikuwa amempa kila mmoja jina analostahili. Kamati aliitwa hivyo kwa sababu alikaa chini asubuhi nzima kabla ya kuamua kunyanyuka. Semina alibweka mpaka sauti ikamkauka, na mwisho wake hakuna kilichofanyika. Posho haonekani mpaka asikie sufuria. Wa nne, dume jekundu lenye sikio lililochanika, aliitwa Diwani, na Tekla aliwaambia madereva wageni kwamba katika kata nzima huyu ndiye diwani pekee anayekuja akiitwa.

Mbwa hawakuwa wake. Walikuwa mali ya yadi, na yadi ilikuwa mali ya Asukile, Mnyakyusa mwenye tumbo la heshima na suti ambayo haikuwahi kuogopa grisi. Siku alipomwajiri Tekla, mafundi walicheka mpaka wakaangusha spana. Mhehe wa Iringa kukabidhiwa mbwa! Nchi nzima inawatania Wahehe kwamba mbwa kwao ni kitoweo, na Uyole ni nani hata iache utani unaotaniwa nchi nzima?

"Bosi, hao mbwa wahesabu kila jioni," alisema Mika, dereva aliyeleta mchele kutoka Chimala.

"Ahesabu na madereva," Tekla akamjibu. "Mhehe akikosa mbwa hachagui."

Basi wakaheshimiana.

Kila siku Tekla aliinjika sufuria kubwa nyuma ya karakana. Mika alimletea chenga za mchele, mwenye bucha alimtunzia utumbo, na dagaa alinunua mwenyewe sokoni baada ya kuwanusa mmoja mmoja huku muuzaji akisonya. Mbwa walinenepa, manyoya yakang'aa, na wezi wa matairi wakahamia yadi nyingine. Kasoro ilikuwa moja tu. Moshi wa jiko uliingia ofisini kwa Asukile bila hodi, ukakaa kwenye kiti cha wageni, na Asukile alikuwa mtu wa kisasa.

Ndipo akaja Edmund, kijana mwenye tai, na pikapu iliyojaa mifuko kutoka Iringa. Mifuko ilikuwa mizuri kuliko nguo za watu wengi. Kila mmoja ulichorwa mbwa wa Kizungu amesimama kwenye majani mabichi, anatabasamu kama amepata mkopo, na juu yake imeandikwa JEMEDARI, LISHE KAMILI YA MLINZI WAKO.

"Kamwene, mama," Edmund alimsalimu kwa Kihehe, kwa sababu muuzaji mzuri huanza na kwenu.

"Kamwene, mwanangu. Ndani mna nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu hata mimi nakijua, kinapita kwenye mtaro kila mvua ikinyesha. Nauliza mna nini."

Asukile akakata maneno. Kuanzia siku ile jiko lizimwe, mbwa wale cha mfukoni kama wenzao wa Ulaya. Tekla alinung'unika lakini akatii, na kutii huko ndiko kulikomuuma baadaye.

Wiki za kwanza mbwa walikula. Diwani ndiye aliyekula zaidi, maana alimaliza lake kisha akakagua sahani za wenzake. Halafu akaanza kuacha. Akatapika. Akawa analala kivulini chini ya tela na kuitwa haitiki. Tekla alipomfunua mdomo, akakuta fizi zimekuwa njano kama mtu amezipaka manjano ya pilau.

Akamwita Daktari Eveline, daktari wa mifugo, mwanamke asiyependa kusema asichokijua. Eveline alimpapasa Diwani tumbo, akatazama macho yake, kisha akaomba aone anachokula. Akazamisha mkono ndani ya mfuko, akatoa bonge lililogandamana, akalivunja. Katikati palikuwa na ukungu wa kijani.

"Ini limeathirika," alisema. "Nahisi ni sumukuvu. Sumu hiyo inatoka kwenye fangasi, inapatikana sana kwenye mahindi na karanga zilizovunda."

"Nikiuchemsha huu?"

"Haitoki kwa kuchemsha. Na usitegemee macho, mama. Mfuko mwingine unaweza kuwa hauna ukungu unaoonekana na sumu ikawemo. Nitapeleka sampuli maabara, lakini majibu yatachukua muda. Kwa sasa msiwape tena."

"Bosi wangu atauliza una uhakika gani."

"Mwambie sina. Ndiyo maana napeleka sampuli."

Diwani alikufa Jumapili, watu wakiwa ibadani. Tekla alichimba shimo nyuma ya rundo la matairi mabovu. Mika alipita, akafungua mdomo kutoa utani wake wa siku zote, akauona uso wa Tekla, akaufunga. Akamnyang'anya koleo, akachimba yeye.

Jumatatu asubuhi Tekla akaingia ofisini kwa Asukile na mfuko mtupu mkononi.

"Bosi, nimesoma hapa nyuma, kwenye maandishi madogo waliyoyaficha kama deni. 'Nafaka, mazao yatokanayo na wanyama, vitamini, rangi.' Nafaka gani? Hawasemi. Mnyama gani, na sehemu gani ya mnyama? Hawasemi. Kwato nazo zimetokana na mnyama. Na rangi! Mbwa anataka rangi ya nini, anakwenda kwenye harusi?"

"Tekla..."

"Sijamaliza. Tarehe ya kutengenezwa imebandikwa karatasi. Nikaibandua kwa ukucha. Chini yake kuna tarehe nyingine, kongwe."

Asukile alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Daktari amesema ni sumu?"

"Amesema anahisi."

"Ahaa! Kuhisi. Hata mke wangu ananihisi, mbona sijafungwa? Sikiliza, mama. Kwenu Iringa na kwetu Tukuyu, mahindi mazuri yanaingia ghalani, yaliyoguswa yanapikiwa pombe, yaliyooza anapewa mbwa. Tangu babu zetu. Mbwa gani aliwahi kulalamika?"

"Walikuwa wanakufa, bosi. Tukasema wamelogwa na jirani."

Asukile akasimama, dalili kwamba hoja zimeisha. "Edmund analeta mzigo mpya keshokutwa. Waliobaki watakula huo. Usipowalisha wewe atawalisha mwingine, na wewe utarudi kwenu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa vizuri sana."

Kumwelewa mtu na kumtii ni vitu viwili, na Tekla siku hiyo alikuwa amebakiwa na kimoja. Akatoka, akawasha moto nyuma ya karakana, akainjika sufuria. Moshi ukaelekea ofisini.

Edmund alipofika na mifuko sita, alikuta mbwa watatu wamefungiwa bandani na Tekla amekaa mbele ya mlango wa banda juu ya ndoo iliyogeuzwa, miguu ameitanua, kitenge amekikaza kiunoni. Madereva waliokuwa wakisubiri mizigo walisogea. Dereva anayesubiri mzigo hana kazi duniani zaidi ya kusogea.

"Fungua mfuko mmoja," Tekla alisema.

Edmund akamtazama Asukile, Asukile akaitikia kwa kichwa. Mfuko ukachanwa. Harufu ilitoka ikitafuta njia: nyama kidogo, sabuni kidogo, na chini yake kabisa ile harufu ya ghala lililovujiwa.

"Mwanangu, wewe si mtu wa Iringa?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yangu aliuza ulanzi Mgololo. Wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi walikuwa wakitoka zamu wanakuja kwake na kiu ya kuvunja mlango. Lakini hata mmoja hakushika kikombe kabla mama hajapiga funda la kwanza mbele ya macho yao. Nadanganya?"

"Hudanganyi. Ndivyo ilivyo kwetu. Muuzaji anaanza."

"Basi anza."

Yadi ilipasuka kwa kicheko. "Anza, jemedari!" akapiga kelele Mika. Mwingine akamwuliza kama anahitaji ukwaju. Edmund alitabasamu, akidhani ni utani wa nyumbani, kisha akamwona Tekla hatabasamu.

"Mama, hiki ni cha mbwa."

"Ulanzi nao ni wa walevi, mama yangu hakuwa mlevi. Mmeandika hapa 'nyama halisi'. Nyama halisi inamshinda kijana wa Kihehe?"

Hapo utani wote wa nchi ukamrudia Edmund kichwani, na madereva wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Tekla alikuwa amepiga hesabu yake. Kijana atakataa, na kukataa kwake kutakuwa ushahidi ambao hata Asukile na miwani yake atauona. Asichokihesabu ni kwamba Edmund alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mwanaume wa umri huo mbele ya madereva kumi anaweza kula hata ringi ya gari.

Edmund akachota konzi ya vipande, akapeleka mdomoni.

Tekla aliruka kutoka kwenye ndoo. Kofi lake liliupiga mkono wa kijana, vipande vikatawanyika mpaka chini ya tela, na tai ikamzunguka mpaka mgongoni.

"Mjinga wewe! Nilikwambia uanze, nani alikwambia ule?"

Makofi yalikatika. Edmund alishika mkono wake, macho yamemjaa maji, ya maumivu au ya aibu.

"Mama, unaniaibisha mbele za watu."

"Aibu inapona. Ini halina spea, si Uyole, si Iringa." Akamshika bega, sauti ikashuka kidogo. "Ghala lao umeliona? Umewahi kuingia ndani?"

Edmund akatikisa kichwa. "Tunapakiwa nje. Getini. Hawaruhusu."

"Umesikia, bosi? Jemedari mwenyewe hajawahi kuona jiko."

Asukile alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo. Angeweza kunyamaza hapo, akaondoka na heshima yake. Lakini madereva walikuwa wanamtazama, na yeye pia, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa mwanaume.

"Mchezo umeisha," alisema. "Mifuko nimeshanunua. Tekla, fungua banda, weka chakula kwenye sahani. Sasa hivi. Au toka getini."

Tekla alimtazama kwa muda. Akamtazama Posho, aliyekuwa amepenyeza pua kwenye wavu, mbavu zake zikihesabika kwa mbali. Kisha akaondoka pale mlangoni, na wote wakadhani amekubali.

Alikwenda karakana akarudi anasukuma toroli. Akapakia mfuko wa kwanza. Akachota vipande viganja viwili, akavifunga kwenye nailoni, akaitia mfukoni kwa ajili ya Daktari Eveline. Kisha akausukuma mfuko hadi kwenye shimo la takataka nyuma ya uzio, akaumwaga wote, na mfuko wenyewe akautupia humo.

"Tekla!"

Akarudi akachukua wa pili.

"Tekla, hiyo ni mali yangu!"

"Ni yako, bosi. Naiweka mahali pake."

Mtu wa kawaida angeishia hapo. Lakini Tekla aliwajua watu wa mtaa wake. Chakula kilichotupwa mchana, jioni kingekuwa kimezolewa, kimekaushwa, na wiki ijayo kingeuzwa sokoni kwa wafuga nguruwe kwa jina jingine. Akazungusha pipa la oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini za malori, akalilaza ukingoni, akafungua kifuniko. Oili nyeusi ikashuka taratibu juu ya lishe kamili ya mlinzi wako, ikameza vipande, ikameza rangi, ikafunika yule mbwa wa Kizungu anayetabasamu.

Mfuko wa tatu haukuja kwa toroli. Ulikuja begani kwa Mika. Wa nne na wa tano ilibebwa na madereva ambao Tekla hakuwajua hata majina, wakishindana nani atatupa mbali. Wa sita aliuleta Edmund mwenyewe, tai bado iko mgongoni. Aliumwaga polepole, akaukung'uta, akabandua karatasi ya tarehe, akaiona nyingine chini yake, akaukunja mfuko mtupu akautia kwapani.

"Huo unaupeleka wapi?" Tekla alimwuliza.

"Kwa daktari wako. Halafu Iringa. Nataka kuona ndani ya lile ghala."

"Watakufukuza."

"Wanifukuze nikiwa nimeshaingia."

Asukile alifika ukingoni mwa shimo akihema, kiatu kimoja kimekanyaga oili. Alitazama chini, akatazama madereva, ambao walikuwa wanafuta mikono kwenye suruali bila haraka yoyote, kama watu waliomaliza kazi waliyolipwa.

"Nitatafuta mlishaji mwingine," alisema. "Kesho asubuhi. Unanisikia? Kesho!"

"Mtafute, bosi. Akija mwambie utumbo anachukua bucha ya pili mapema kabla haujaisha, na Posho apewe uji laini mpaka apate nguvu. Nisipomkuta namngoja hapa hapa nimwelekeze."

"Nimesema usije!"

"Nimesikia. Nitakuja."

Akafunga kifuniko cha pipa kwa kukipiga ngumi, akapita katikati yao mikono ikiwa myeusi hadi viwiko. Sufuria ilikuwa inatokota. Alifungua banda, Kamati akakaa kwanza, Semina akaanza kuhutubia, na Tekla akashika mwiko.