Shibiri za Mwanatumu na Pikipiki ya Karatasi

Mwaka ule wa tisini na nane, Ukunda nzima haikuwa na fundi wa pikipiki wa kumshinda Kibwana Chome, wala haikuwa na fundi wa pikipiki asiyekuwa na pikipiki yake isipokuwa yeye. Alitengeneza za watu, kisha akazipanda kwa majaribio, na majaribio yake yalikuwa marefu. Ukimpelekea yenye breki mbovu asubuhi, alasiri ungeambiwa imeonekana Msambweni nje ya nyumba ya mamake, breki nzima kabisa na petroli imepungua. Wateja walinung'unika, kisha wakarudi tena, maana kazi yake waliijua.

Pikipiki aliyoitamani yeye ilikuwa huko huko Msambweni, au tuseme mifupa yake. Baba yake, marehemu Mzee Chome, alikuwa msimamizi wa mashamba ya miwa Ramisi, na mashamba hayo aliyazunguka juu ya pikipiki ya Kiingereza ya mwaka hamsini na mbili, nyeusi, yenye mngurumo uliowapa vibarua dakika tano za kuanza kujifanya wanafanya kazi. Alipofariki, magurudumu yalichukuliwa na jamaa, injini ikaazimwa isirudi. Kilichosalia kilikuwa fremu na usukani. Mjane wake, Bi Mwanatumu, akaiingiza fremu chumbani kwake, akaisimamisha ukutani, na juu yake akawa anatundika mikeka anayoisuka.

Na tangi? Hilo lina kisa chake, na Kibwana hapendi kisimuliwe, ndiyo maana nakisimulia. Alipokuwa na miaka kumi na saba alilibeba tangi la marehemu baba yake hadi Lunga Lunga, akamwuzia mtu aliyetaka chombo cha mafuta ya taa, akarudi nyumbani na suruali ya bugaluu, pana miguuni, na viatu vya raizoni. Mamake alimtazama toka utosini hadi kwenye visigino vile virefu, asiseme neno. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na mbili, tangi halikutajwa katika nyumba ile, na Kibwana hakuruhusiwa kuigusa fremu hata kwa ncha ya kidole.

Sasa mwaka ule, akiwa katika majaribio ya pikipiki ya mwalimu mmoja, akafika Lunga Lunga na kukuta injini ya aina ile ile ya babake imefungiwa mashine ya kusaga mahindi. Alipiga magoti mbele yake pale pale penye unga. Mwenye mashine akadhani mgeni ameshikwa na kizunguzungu. Kibwana akampa injini nyingine nzima na siku tatu za kazi, akaondoka na ile aliyoitaka, njia nzima akiimba. Magurudumu aliyatoa kwenye mabaki aliyoyahifadhi gerejini. Kilichobaki ni fremu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umepanda ya nani?"

"Ya mwalimu. Mama, nimepata injini. Nipe fremu niijenge upya pikipiki ya baba."

Bi Mwanatumu hakuacha kusuka. "Fremu hii haivuki kizingiti mpaka niione pikipiki nzima."

"Nitakuonyeshaje nzima nami sijaijenga?"

"Si wewe ndiye fundi?" akasema mamake.

Mtu mwingine angekata tamaa. Kibwana alikwenda Diani kutengeneza mashine ya kukatia nyasi katika hoteli moja, na huko akapata jibu. Hoteli ilikuwa tupu. Tangu vurugu zilizoikumba Pwani mwaka uliotangulia wageni walikuwa wameadimika, mabwawa yamejaa majani, na tajiri mwenye hoteli alikuwa ameahirisha jengo jipya alilokusudia. Mchora ramani wake, dada mmoja wa kutoka Kisumu aitwaye Akinyi, alibaki ofisini na kompyuta kubwa na mashine ya kuchapa ramani yenye upana wa kitanda, bila jengo la kuchora. Kibwana alipochungulia dirishani aliona choo kikizunguka kwenye skrini, kikaonekana ubavuni, kikaonekana kwa juu, kikaonekana kwa chini, na choo chenyewe hakipo duniani.

Akaingia hata bila hodi. "Dada, hicho choo kimejengwa wapi?"

"Hakijajengwa, fundi. Na hakitajengwa. Mimi nakizungusha tu nisilale."

"Na ukiambiwa uchore pikipiki?"

Akinyi akakisimamisha choo. Miaka minne alikuwa amechora vyoo, ngazi na mabomba ya maji machafu. "Niletee vipimo," akasema. "Lakini fanya haraka, hizi mashine zinapelekwa Mombasa Ijumaa. Na mimi nazifuata."

Ilikuwa Jumatatu. Pikipiki ya mwalimu ikaingia tena katika majaribio.

Injini na magurudumu Kibwana aliyapima mwenyewe kwa tepu. Kwa fremu, mambo yalikuwa mengine. Alipotoa tepu mfukoni mamake alimwonyesha baraza. "Kaa hapo. Sema unataka kipimo gani, nitakupimia mimi." Basi Kibwana akakaa nje na daftari, na mamake akawa ndani na fremu, wakajibizana kupitia mlangoni.

"Kutoka shingo ya usukani hadi penye ekseli ya nyuma?"

"Shibiri sita na nusu."

"Pale injini inapokaa?"

"Shibiri mbili kamili. Andika vizuri."

Kibwana aliandika vizuri. Aliporudi Ukunda akatandaza mkono wake juu ya tepu, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, akapata inchi tisa, akazidisha shibiri zote kwa tisa. Hesabu ilikuwa safi. Mwalimu mwenye pikipiki angempa alama zote, kama asingekuwa anamtafuta.

Siku mbili zilizofuata Kibwana hakujua kama anatembea au anaelea. Akinyi aliandika namba, na mstari ukatokea. Akaandika nyingine, shingo ikatokea, kisha mbavu, kisha makalio. Injini ikaingia, magurudumu yakaingia. Tangi Kibwana alilieleza kutoka kichwani, bila daftari, huku amefumba macho na mikono yake ikilichonga hewani: hapa linabonyea kidogo ili magoti yakae, hapa linapanda, hapa mfuniko, si katikati, kushoto kidogo. Akinyi hakumwuliza amejuaje. Walijaribu usukani wa chini wakaukataa, wakajaribu kiti kirefu wakakikata viwili, cha mbele na cha nyuma, na yote hayo bila kuchomea hata kipande kimoja cha chuma. Kibwana, ambaye maisha yake yote kosa moja lilikuwa na bei ya chuma, aliona kosa likifutika kwa kubonyeza kidole, akacheka mpaka askari wa getini akaja kuuliza kuna nini.

"Fundi, hapa kwa injini kumebaki nafasi kubwa," Akinyi akasema. "Inchi nne hivi. Hiyo iko sawa?"

"Nafasi ni baraka," akajibu Kibwana. "Nitatia vipande vya chuma."

"Na mbona inakaa ndefu hivi?"

"Ya zamani hiyo, dada. Zilikuwa ndefu."

Ukipenda, chongo huita kengeza. Isitoshe, kwenye skrini hapakuwa na kubwa wala ndogo. Akinyi akibonyeza, pikipiki inajaa kioo kizima; akibonyeza tena, inakuwa kama mende. Kibwana aliitazama na kuiona ya baba yake tu.

Jumatano, mashine ilichapa pikipiki nzima kwa ukubwa wake halisi, juu ya karatasi mbili walizoziunganisha kwa selotepu. Akaikunja kama mkeka, akaifunga mgongoni, na alasiri alikuwa Msambweni, moyo unampiga kama wa bwana harusi.

Akaanza kuikunjua chumbani, kutoka kwenye miguu ya kitanda. Gurudumu la nyuma likatandazika. Kiti kikatandazika. Mkeka wa karatasi ukaendelea, na Kibwana akaendelea kurudi nyuma kinyumenyume, tangi, shingo, mpaka akavuka kizingiti, na gurudumu la mbele likamalizikia barazani, ambako kuku mmoja alilikanyaga akapita zake.

Bi Mwanatumu alilizunguka jambo lile polepole. Alitazama mwili mrefu, magurudumu madogo, na injini iliyokaa katikati kama kokwa ndani ya debe.

"Pale hotelini," akasema hatimaye, "si palikuwa na Mjerumani mwenye mbwa mrefu wa miguu mifupi?"

"Mama."

"Ndiye huyu. Baba yako hakupanda mbwa. Kunja karatasi yako, fremu inabaki hapa."

Mchezo ulikuwa umekwisha ghafla: Ijumaa mashine zinaondoka, Akinyi anaondoka, na mamake hakuwa mtu wa kuahidi mara mbili. Akakaa sakafuni juu ya gurudumu lake la nyuma. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alikuwa karibu kulia.

"Vipimo ni vyako mwenyewe, mama," akasema. "Sikuongeza kitu."

Neno hilo lilimchoma Bi Mwanatumu. Kusuka mikeka miaka hamsini, kisha uambiwe hujui kupima? Akaitelemsha mikeka, akailaza fremu yenyewe juu ya karatasi, nayo ikalala ndani ya michoro kama mtoto aliyevaa kanzu ya babake. Akapiga goti, akatandaza mkono juu ya chuma. "Moja," akasema. "Mbili. Tatu." Alihesabu mpaka mwisho. "Sita na nusu. Nilikuambiaje?"

Kibwana hakuwa anatazama chuma. Alikuwa anatazama ule mkono mdogo, mkavu, wenye alama za ukili kwenye vidole. Akaunyosha wake, akauweka kando yake. Kidole chake cha mwisho kilipita cha mamake kwa inchi mbili nzima.

Kisha bega la Bi Mwanatumu likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kile cha kushika mbavu, na Kibwana akaanguka chali juu ya pikipiki ya karatasi akicheka naye, mpaka majirani wakadhani kumezaliwa mtoto.

"Nikadhani unanipimia kwa mkono wangu," akasema alipopata pumzi.

"Wako nitautoa wapi?" Akafuta machozi kwa ncha ya leso. Akaugeuza mkono wa mwanawe, akautazama. "Huu ni wa baba yako. Vile vile."

Akaruhusu tepu iguse mkono wake, si fremu. Inchi saba. Kibwana aliondoka bila kunywa chai.

Alhamisi Akinyi alikuwa anafunga mafaili kwenye makatoni. Kibwana akamweleza, naye akacheka, akafungua tena kompyuta, akaichagua fremu peke yake na kuiambia ipungue, saba kwa tisa. Ikasinyaa mara moja mbele ya macho yao. Mbavu zikaikumbatia injini, ile nafasi ya baraka ikatoweka, magurudumu yakapata ukubwa wake, na tangi, ambalo halikupimwa kwa shibiri ya mtu yeyote, likakaa juu kana kwamba lilikuwa linasubiri. Akinyi akaegemea kiti. "Aki fundi, sasa hii ni pikipiki," akasema kwa sauti ya chini. Alichapa mbili, moja akabaki nayo. Alisema ataitundika huko aendako, watu wajue kuna siku alichora kitu kisichokuwa choo.

Ijumaa baada ya swala, karatasi ilitandazwa tena, na safari hii ikaishia ndani ya kizingiti. Bi Mwanatumu akailaza fremu. Chuma kikafuata wino, toka shingoni hadi nyuma, hapana hata unywele uliopita. Akainama kwa muda mrefu. Kisha kidole chake kikasimama juu ya tangi.

"Na hili umelipima wapi?"

Kibwana angeweza kusema lolote. "Sikulipima," akasema. "Nilikuwa nikikaa juu yake, mbele ya baba, tukienda mashambani. Magoti yangu yanalikumbuka. Nililiuza, mama. Niliuza tangi la baba nikanunua suruali, na sijapata hata siku moja kukuomba radhi. Nisamehe."

Mamake alipiga goti kando ya kitanda, akaingiza mkono chini mpaka begani, akavuta kitu kilichofungwa kwa leso mbili. Akakifungua. Lilikuwa jeusi bado, lenye mbonyeo wa magoti, na mfuniko wake umekaa kushoto kidogo.

"Nilikwenda Lunga Lunga juma lile lile," akasema. "Nikampa yule mtu kuku wawili na mkeka. Nikasema, siku atakapolitaja kwa kinywa chake, nitampa. Sikujua kama utachelewa hivi."

Akaliweka tangi juu ya karatasi, juu ya lile tangi la wino. Halikuzidi wala halikupungua. Kibwana akabaki ameushika mkono wa mamake kama anayeupima.

"Haya, chukua vyote," Bi Mwanatumu akasema, akiuvuta mkono wake na kuanza kuikusanya mikeka yake iliyobaki bila pa kutundikwa. "Ila kile kiti changu cha nyuma umekichora kipana mno. Kipime tena, na ukipime kwa shibiri yangu."