Lijamu ya Eemeli

Eemeli Kyllönen, kaka wa marehemu mke wangu Hilja, alikuwa mtu wa farasi. Kabla ya vita alivuta magogo msituni. Vita vya Warusi vilipokuja, alivuta supu ya njegere kwenda mbele na majeruhi kurudi nyuma. Farasi wake alikuwa jike mwekundu, Liinu.

Lijamu, kile chuma cha kinywani mwa farasi, alilala nayo kifuani, chini ya shati. Kwetu kaskazini, majira ya theluji, farasi hatiwi kinywani chuma kilicholala nje. Kwa baridi ile ulimi hunata, na ukivuta, ngozi inabaki. Kila mtu alijua. Ila vitani watu wana haraka.

Hemani sisi askari wenzake tulimtania.

"Eemeli, mtoto kanyonya leo?"

"Kanyonya. Ana adabu kukushinda wewe."

"Ukioa, mke atalala wapi?"

"Upande wa pili. Huku pana mwenyewe."

Asubuhi moja risasi ilinipata pajani, kando ya ziwa lililoganda. Damu iliganda kwenye suruali ikawa kama gome. Jeraha lenyewe si kitu. Baridi ndiyo ingenimaliza, nami nilijua. Eemeli na Urho, mwenzetu wa hema moja, wakanilaza kwenye sleji, lile gari lisilo na magurudumu alilovuta Liinu thelujini. Eemeli akavua koti lake anifunike. Hapo lijamu ikamtoka kifuani, ikazama thelujini, asijue.

Alipoipata ilikuwa nyeupe kwa barafu.

Mizinga ilikuwa inakata vichwa vya misonobari. Urho akapiga kelele, "Mtie hivyo hivyo, twende!"

Eemeli akafungua shati, akaibana kwapani, kwenye ngozi tupu. Akasimama. Midomo ikamgeuka rangi.

Nikamwambia, "Eemeli, nakufa hapa."

"Kufa polepole. Huyu akigoma ziwani katikati, tumekwisha sote."

"We mwendawazimu!"

"Tukana. Tukana sana, usilale tu."

Nikamtukana. Nikamtukania ukoo mzima, dada yake humo humo, na wala sikuwa nimewahi kumwona.

Hatimaye akaivuta. Haikutoka peke yake, ilitoka na ngozi. Akampelekea Liinu, na Liinu akafungua kinywa mwenyewe. Tukakata ziwa mbio, barafu ikilia chini yetu, na yule farasi hakusita hata mara moja.

Mguu ulipona. Vita vilipokwisha nikaenda kwao kushukuru, na aliyefungua mlango ni Hilja.

"Ndiye huyu aliyenitukana?" akauliza.

"Ndiye," Eemeli akajibu kutoka ndani. "Mpe kahawa."

Kovu la kwapani Eemeli alizeeka nalo. Alipofariki, lijamu ikaja kwetu. Farasi hatukuwa naye tena. Hilja hakuitundika mlangoni wanakotundika wengine. Aliitundika nyuma ya jiko.

"Hii isilale baridini," alisema. Basi.

Hilja tulimzika kabla ardhi haijaganda. Jiko sasa naliwasha mwenyewe. Kuni nazipasua vibaya, mgongo hautaki. Lakini asubuhi nikipitisha mkono pale nyuma, chuma kina joto.